Theluji ya Mamboya

Jumapili, 6 Julai. Kimamba.

Salome hajarudi. Yuko kwao Mamboya tangu nilipoitoa cherehani yake kwa Goodhope wa hapa Kimamba nikapewa Haisi yake kuukuu. Nilimweleza vizuri: cherehani ina gurudumu moja, Haisi ina manne. Hakunisikiliza. Akafunga kanga zake akaondoka, na sasa nyumba imekuwa kubwa kupita kiasi.

Leo baba mkwe, Mzee Petro, amepiga simu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa shida. Akasema kikao cha ukoo ni Jumamosi. Nije na maelezo, nisije na maneno. Nimelifikiria hilo kutwa nzima, sijaona tofauti. Ila jambo moja nimelielewa: Jumamosi wataamua kama Salome bado ni mke wangu.

Ukweni nina mtetezi mmoja tu. Shangazi Teresia wa Kilosa, ndiye aliyemlea Salome. Siku hizi anaumwa miguu, na simu yake anaificha ndani ya debe la unga, panya wasiitafune. Nimempigia tena leo. Debe halikupokea.

Jioni, nikiwa ndani ya blanketi, nikaona video kwenye simu. Wazungu! Wako kwenye hifadhi ya milimani, theluji imewafika magotini, wanalala kwenye gari lenye kitanda, jiko na mapazia. Wanatetemeka. Wanacheka. Na wamelipia! Nikaitazama tena na tena mpaka bando likakata. Kumbe watu wanalipia baridi! Mwezi huu Mamboya baridi inashuka mlimani bure, inamfuata mtu mpaka ndani ya soksi. Na mimi gari ninalo. Maelezo ya Jumamosi yamepatikana. Mimi si mhuni aliyetoa cherehani ya mkewe. Mimi ni mkurugenzi wa utalii wa baridi.

Jumatatu, 7 Julai. Mikumi.

Sabasaba. Wengine wamepumzika, mkurugenzi yuko kazini. Nikatandika godoro ndani ya Haisi, nikatundika mapazia ya Salome yenye maua, nikaenda mpaka geti la hifadhi. Askari wa pale akanieleza kwa upole taratibu za kuingiza gari na taratibu za kulala ndani. Ni nyingi. Nikamuuliza kama kuna theluji. Akanitazama sana. Akasema kuna tembo. Nikamwambia abaki na tembo wake.

Nikahamia kwenye mabanda ya chakula barabarani. Hapo nikawapata! Mzee na bibi yake, wamevaa kaptura, wanakula chipsi mayai. Anayewaongoza ni bwana mmoja anaitwa Alfred. Alfred akasema ni watu wa Finlandi, theluji ya kwao inakaa nusu mwaka, na huku wamekuja kuikimbia. Nikafurahi. Kumbe ni wataalamu! Nikamwambia awaambie kwamba hata sisi tunayo. Akauliza tunayo nini. Theluji, nikasema, huko Mamboya. Akanivuta pembeni akaniuliza kama leo nimekula. Nikamwambia yeye atafsiri tu.

Akatafsiri kwa uchungu. Bibi akacheka mpaka akafuta machozi. Mzee akauliza njia. Ijumaa wanaelekea Dodoma, watapinda Mamboya wakaone. Wamekubali! Nikarudi nikiimba. Nilipokaribia Kilosa ndipo nikakumbuka kwamba theluji yenyewe sina.

Jumanne, 8 Julai. Kimamba.

Sijalala. Lakini penye nia pana njia. Theluji ni nini? Ni kitu cheupe, laini, kinachofunika kila mahali. Asubuhi nikaingia dukani kwa Ashrafu, nikamwambia nataka pamba yote aliyonayo na jora zima la bafta nyeupe. Haraka. Siku yenyewe ni Ijumaa.

Ashrafu hubishana bei hata na mama yake. Leo hakutaja hata senti. Akazunguka kaunta akaja upande wangu. Akaniuliza kwa sauti ya chini, ni wangapi. Nikamjibu kwamba kwa sasa waliothibitika ni wawili, mtu na mkewe, ila Mungu akijalia wengine watafuata. Akashika kichwa. Akafunga mzigo kwa mikono yake mwenyewe, akaongeza pakiti ya ubani bila kuombwa, na malipo akayakataa. Tutaongea baadaye, akasema, nenda kwanza kasimamie. Nimestaajabu. Mtu akiwa na biashara nzuri hata uso wake unaonyesha! Ubani utafaa kufukuzia mbu.

Cha kuudhi ni kwamba Kimamba nzima mwenye maturubai na viti vya kukodisha ni Goodhope. Goodhope huyohuyo! Alimposa Salome kabla yangu, akakataliwa, na tangu hapo akikutana nami hutikisa kichwa. Nilikwenda nimejiandaa kugombana. Nikamkuta ameshavua kofia. Habari za dukani zilimfikia kabla yangu, sijui zilipita wapi. Akapakia turubai, viti na masufuria mwenyewe. Akauliza napeleka wapi. Nikasema Mamboya, ukweni. Akaketi. Akauliza kama Salome anajua. Nikamwambia hajui na asithubutu kumwambia, nataka ajionee kwa macho yake. Akanitazama kwa heshima ambayo sijawahi kuiona kwake, akasema nina moyo mgumu sana. Wivu wa biashara huo.

Jumatano, 9 Julai. Dumila.

Haisi haina taa za nyuma. Nikafunga matawi mabichi ili wa nyuma waone. Jora na pamba nikavilaza juu ya godoro, nikavifunika shuka visiingie vumbi. Nikavaa koti langu la harusi, lile jeusi, maana mkurugenzi ni mavazi.

Siku ya ajabu! Njia nzima naheshimiwa. Wenye baiskeli wanashuka. Bodaboda wanazima redio. Lori la mahindi likanipisha, dereva akavua kofia. Kuingia Dumila gari likazima mbele ya mabanda. Vijana wa stendi hawajawahi kusukuma gari bila kupatana, lakini leo walisukuma kimya kimya. Mmoja alichungulia dirishani akarudisha kichwa haraka. Mama lishe mmoja, Devota, akanipa wali na maharage, akakataa malipo. Akaniambia nijikaze, mwanamume halii. Sikuwa nalia, lilikuwa vumbi. Ila nikajikaza, nisimvunje moyo.

Nadhani ni koti.

Alhamisi, 10 Julai. Mamboya.

Trekta limenivuta mpaka juu. Nimeegesha uwanjani nyuma ya migomba ya baba mkwe, mahali ambapo Salome hapaoni akiwa nyumbani. Turubai limesimama. Viti vimepangwa. Nimewasha gogo kubwa, nifanane na wale Wazungu wa kwenye video. Bafta nimeitandaza kichakani, pamba nimeipachika kwenye matawi. Ukungu uliposhuka nikarudi nyuma kuangalia. Jamani! Nilitetemeka kwa baridi na kwa fahari.

Kisha wakaanza kuja. Sijatangaza popote! Wanawake kwa makundi, kanga kichwani, wamebeba kuni, unga, maharage na kuku wawili. Wakaniambia pole. Nikawaambia ahsante, kweli ni kali, na alfajiri itazidi. Mmoja akaangua kilio. Wakaketi chini, viti vyote vitupu! Wanaume wakazunguka moto, hawacheki, hawapigi picha. Nikapita nikiwauliza kama wanaburudika. Wakainamisha vichwa. Ila kwa biashara sijaona kitu kama hiki: mteja anakuja na chakula chake, anakipika mwenyewe, halafu anamlisha mwenye kambi.

Wazee wakauliza itakuwa saa ngapi. Nikasema kesho mchana, tunawangoja wageni, wanatoka mbali. Wakaafiki wote. Wa mbali lazima wangojwe, wakasema. Wanaume wengine wakaja na majembe na mabeleshi, wakauliza nataka wachimbe wapi. Choo! Nilikuwa nimekisahau kabisa. Nikawaonyesha nyuma ya gari, nikasisitiza kiende chini sana, wageni hawapendi nzi. Wamechimba vizuri, ila wamekifanya kirefu cha kulala. Labda ndiyo staili ya huku.

Na fundi seremala akaja na futi. Alitaka kuingia garini apime. Nikamkatalia, gari halifunguliwi mpaka wageni wafike. Nikampa vipimo vya kitanda ninachokitaka, futi sita kwa nne. Akauliza kama nina hakika na hiyo nne. Nikamwambia hakika kabisa, mtu asibanwe. Akaondoka anahesabu mbao kwa vidole.

Sielewi watu hawa. Lakini ni wengi, na kesho Salome ataona.

Ijumaa, 11 Julai. Asubuhi.

Kuna mwanamke ndani ya choo changu. Bi Mwanvua, mtani wa ukweni. Ameshuka shimoni, amelala chali, amefumba macho, anasema hatoki mpaka wenyewe wampe kuku. Watu wanaomboleza huku wanacheka. Nimemwomba kwa heshima atoke, choo bado ni kipya. Akafumbua jicho moja, akasema sisi wa Kimamba tuna utani mbaya.

Fundi ameleta kitanda. Kina mfuniko. Nikasema vizuri, kwa baridi hii. Akakigeuza. Juu ya mfuniko kuna msalaba.

Nimekaa chini. Turubai. Moto. Watu wanalala nje. Bafta nyeupe, pamba, ubani. Shimo! Huu ni msiba! Niko kwenye msiba, na mwenye msiba ni mimi! Lakini nani amekufa?

Baadaye.

 Punde wazee, waliokuwa wamemficha Salome habari tangu jana, walimkalisha wakamweleza taratibu, kama ilivyo desturi. Nilisikia ukelele kutoka nyumbani. Akaja anakimbia, akanikumbatia mbele ya watu wote. Mimi! Akasema ahsante, umemleta Shangazi mwenyewe, kwa gari lako mwenyewe.

Shangazi Teresia amekufa! Sikujua! Shangazi aliyenitetea tangu siku ya posa, aliyesema huyu kijana ana kichwa kibovu ila moyo mzima! Nikalia. Nililia kwa sauti mpaka wanawake wakanishika mabega. Mzee Petro akanishika mkono, akaniita mwanangu. Akasema kikao cha kesho hakipo tena. Mtu aliyemsitiri shangazi wa mkewe namna hii hana kesi ya kujibu.

Hata Goodhope amefika. Kaleta cherehani, akamkabidhi Salome mbele ya watu kuwa ni pole yake.

Ndipo likanijia. Shangazi yumo garini mwangu? Nani alimweka? Lini? Nikaingia nikajifungia. Nikafunua shuka. Nikainua godoro. Nikaangalia chini ya viti, hata kwenye boneti. Hayumo! Mungu wangu, nimempoteza marehemu! Labda ni Dumila walipokuwa wanasukuma. Labda trekta lilipovuta mlango wa nyuma ulifunguka. Nikimwambia Salome, nimempoteza na yeye. Nisipomwambia, wanakwenda kuzika nini? Nimesimama mlangoni, simruhusu mtu. Wanasema nina uchungu sana.

Jioni.

Mchana gari la Alfred likafika. Mzee na bibi wa Finlandi wakashuka kwenye ukungu. Watu wakasimama. Wageni wa mbali wamefika! Bibi akatupiwa kanga begani, mzee akavua kofia. Alfred akatazama pamba mitini, akatazama jeneza, akanitazama mimi. Hakutafsiri chochote.

Mzee Petro akatoa amri mwili ushushwe. Nikasema bado. Akasema wageni wameshafika. Nikasema tungoje wengine. Akauliza wanatoka wapi. Nikasema Dodoma. Wanaume wakaniondoa mlangoni kwa upole, wakafungua. Godoro. Jiko. Mapazia yenye maua. Nikasikia moto unavyotafuna kuni.

Kutoka kwenye migomba kikasikika kilio kikubwa kuliko vyote vya siku hiyo. Mwanamke anashuka kwenye bodaboda, amejifunga kanga kiunoni, anapiga kelele: “Nani jamani? Nani amekufa kwetu mbona mimi sikuambiwa?”

Shangazi Teresia.

Bi Mwanvua alitoka shimoni bila kuku. Wanaume waliokuwa wakisema tujikaze walipita juu ya viti. Fundi aliruka kichaka cha bafta. Goodhope nilimwona mara ya mwisho kwenye mahindi makavu ya jirani. Mimi nilimkimbilia Shangazi nikamshika miguu nikilia, namshukuru Mungu nimempata. Akaniambia nimwachie, miguu inauma.

Jumamosi, 12 Julai. Mamboya.

Kikao kimefanyika. Viti vilikuwepo tayari, na turubai, na ukoo wote, na makande ya jana.

Nilieleza kila kitu. Video, Finlandi, theluji, pamba. Kadiri nilivyoeleza ndivyo Mzee Petro alivyozidi kuinama. Wamenifafanulia nao: kuona sanda inakuja ukweni kwa siri, na simu ya Shangazi haipatikani, na miguu yake ilikuwa inauma, wakajumlisha wenyewe. Nikasema basi kosa ni la debe la unga. Mzee Petro akasema sikio la kufa halisikii dawa. Sijui masikio yameingiaje hapo.

Goodhope alirudi na majani kichwani kudai cherehani, kwa kuwa hakuna aliyekufa. Wazee wakamkatalia. Kilichotolewa msibani hakirudi, na yeye alikitoa kwa mdomo wake mbele ya watu. Furaha yangu ya kwanza wiki hii.

Shangazi akasimama kunitetea. Akasema yeye hana kinyongo. Amemkuta Salome amepauka kwa machozi, amekuta watu mpaka wa Dumila, ameambiwa yote yaliyosemwa juu yake tangu Alhamisi. Akauliza ni mzee gani hapa anajua atakavyoliliwa. Wazee wakatazamana.

Mwisho Salome akazungumza. Nilikuwa natazama viatu vyangu, sikuweza kutazama juu. Akasema jana alitaka kunipiga kwa mwiko. Lakini alinisikia nikimlilia Shangazi kabla sijajua kwamba yuko hai, na kilio kile hakikuwa cha mbinu. Mtu anayelia vile anaweza kuishi naye. Kesho kutwa atarudi nami Kimamba, kwa sharti moja. Mbinu ziishe. Niishi kama watu wanavyoishi. Nikaapa mbele ya ukoo mzima. Niliapa kwa moyo wangu wote.

Watu wa Finlandi wameondoka asubuhi. Walilala wamevaa nguo zote walizonazo. Bibi alimwambia Alfred kwamba baridi ya kwao inabaki nje ya mtu, ya Mamboya inaingia mpaka kwenye mifupa. Kisha akanikumbatia na kunipa pole. Sijui walichoelewa.

Jumapili, 13 Julai. Mamboya.

Kanisani tulikaa benchi moja, mimi na Salome. Alinitengeneza kola. Sasa hivi yuko kibarazani, cherehani inalia, anashona mashati ya shule kwa bafta ya Ashrafu. Mzee Petro amelala baada ya chakula. Nina amani. Mbinu zimekwisha.

Ila hili si mbinu. Baada ya ibada wazee walimzunguka Shangazi, anawahesabia nani alilia kweli na nani alikuja kula. Hawakubanduka! Wanamwonea wivu waziwazi. Mzee mmoja alinivuta koti akaniuliza msiba wa kwake utakuwa lini. Aliuliza mwenyewe! Basi nikaona. Kila mzee katika nchi hii anatamani kuuona msiba wake, na hakuna anayemsaidia. Turubai halijashushwa. Shimo liko wazi. Jeneza la upana wa futi nne linamtosha mtu yeyote. Hii ni huduma kwa wazee, na kiapo changu hakikugusa wazee.

Nitaanza na Mzee Petro, kwa heshima, kesho alfajiri. Habari zimeshatumwa Dumila na Kimamba. Yeye mwenyewe sijamwambia, akijua itaharibu ladha. Na Salome sijamwambia. Machozi yake lazima yawe ya kweli, maana nimeona kwa macho yangu kwamba machozi ya kweli ndiyo yanayojenga ndoa.